Ufito wa Texas, Ziwa la Naivasha

"Mkubwa, nikukatie?"

Swali liliulizwa kwa upole, na mpiga kasia ambaye tayari alikuwa ameshachomoa kisu. Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi katikati ya mashua, si mbali na ufuo wa Kamere kwenye Ziwa Naivasha, rili ikiwa mapajani, akidokoa vitanzi vya mshipi kimoja baada ya kingine kwa ncha ya kalamu. Rili ilikuwa mpya. Mshipi ulikuwa mpya. Hata kalamu ilikuwa mpya. Chambo kilichorushwa kwa nguvu zote za bega la kulia kilikuwa kimetua ubavuni mwa mashua, na hapo kikabaki kinaelea, macho yake ya plastiki yakimtazama aliyekirusha.

Ulikuwa mrusho wa kwanza wa asubuhi. Samaki walikuwa hawajaarifiwa.

Kama wangekuwepo wao wawili tu ziwani, aibu hiyo ingezungumzwa na kumalizwa kwa chai. Lakini Kamere ni ufuo wa watu: wavuvi wanaopanga nyavu, kina mama wanaoparua magamba, vijana wa bodaboda wanaongoja mizigo. Wote walikuwa na nafasi ya kutazama. Na ukingoni, mguu mmoja topeni, alisimama mvulana mwenye kijiti, kipande cha nailoni kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti hicho, na ndoana moja iliyovikwa kamba wa ziwani. Hakuwa na rili. Hakuwa na breki ya sumaku. Aliinua kijiti mara moja, na samaki aina ya besi wa kutosha sufuria ndogo akaanguka kwenye majani nyuma yake.

Mama mmoja akaita kwa sauti ya kuvuka maji: "Na yule mzee wa mashine amepata wangapi?"

"Bado anafuma sweta," mpiga kasia akajibu, bila hata kugeuka.

Suala la uzee litajibiwa siku nyingine. La mashine halingoji, kwa sababu ufuo mzima ulitoa hukumu bila kusikiliza upande wa utetezi.

Rili za kuvulia, kwa ufupi, ni za aina mbili. Ile inayouzwa madukani kwetu huning'inia chini ya ufito, na wakati wa kurusha bobini yake haizunguki kabisa. Mshipi unachomoka tu kupitia ukingo wa bobini na kwenda zake. Mtoto anaweza kuitumia, na ndiyo maana wajuzi wa besi huidharau. Ile wanayoihusudu hulala juu ya ufito, na bobini yake lazima izunguke ili mshipi utoke. Hapo ndipo penye utamu wote na balaa lote. Chambo kikiruka, huivuta bobini kutoka kwenye utulivu hadi kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na hilo hutendeka kabla mtu hajapepesa jicho. Kisha hewa inaanza kukipunguza chambo mwendo. Bobini haina habari hizo. Inaendelea kwa kasi ileile ya mwanzo, ikitoa mshipi ambao hakuna tena anayeuhitaji. Mshipi huo, kwa kukosa pa kwenda, unafura juu ya bobini, unajikunja, unapita chini ya vitanzi vingine, kisha kila kitu kinakaba kwa mpigo mmoja. Chambo kilichokuwa hewani kinasimamishwa ghafla na kurudishwa kilikotoka. Haya yote huchukua muda mfupi kuliko kusema "Lahaula".

Watengenezaji wanalijua tatizo hili vizuri, na wamepambana nalo kwa akili ya kustaajabisha. Ubavuni mwa rili kuna skrubu inayobana ekseli ya bobini: unalegeza mpaka chambo kishuke chenyewe polepole, na kikigusa sakafu bobini isimame. Halafu kuna breki zenyewe. Baadhi ni vijipini vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko hadi visugue ukuta, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo vinavyosugua zaidi. Nyingine ni sumaku, na hapa mwandishi anaomba subira ya msomaji, maana alikesha usiku mzima akilizungusha jambo hili kichwani. Sumaku hazigusi bobini. Bobini ni ya alumini, na alumini haivutwi na sumaku; jaribu kwenye sufuria yako. Lakini alumini inayozunguka mbele ya sumaku huzaa mikondo midogo ya umeme ndani ya bati lake lenyewe, na mikondo hiyo huzaa usumaku wake unaopinga mwendo ulioizaa. Bobini ikienda mbio, inajizuia zaidi. Ikipunguza, breki inalegea. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna kinachochakaa. Jambo hili limo ndani ya kifaa cha kuvulia samaki, na mtu anaitwa mzee wa mashine kwa kuwa nacho.

Breki ya mwisho ni dole gumba, ambalo hulala juu ya mshipi kwa wepesi na kukandamiza pale chambo kinapokaribia maji. Dole gumba halina skrubu. Na Naivasha ina upepo, ambao mara nyingi huamka mchana na siku nyingine huwahi. Chambo chepesi chenye mdomo mpana wa plastiki kikirushwa kuelekea upepo hubiringika hewani na kupoteza kasi mapema mno, na bobini ndiyo kwanza imechangamka. Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni upepo. Wa pili ni mdomo wa chambo. Wa tatu ni George Snyder, fundi wa saa wa mji wa Paris, Kentucky, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliona kwamba gia zinazosogeza mishale ya saa zinaweza pia kuzungusha bobini mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Angebaki na saa zake, Kamere kungekuwa na amani.

Mpiga kasia alikata. Mshipi karibu wote ukaingia kwenye mfuko wa mkate.

Sasa, vifaa hivi vilifikaje Kenya? Binamu wa mwandishi amelowea Texas, na kule besi mwenye mdomo mpana si kitoweo tu, ni karibu na dini. Aliombwa atume seti ya kuvulia kwa krankibeti, yaani kile chambo kigumu chenye umbo la kisamaki kinene, mdomo wa plastiki mbele na ndoana mbili za meno matatu tumboni. Binamu, ambaye ni mtu makini, akauliza swali moja: cha kina gani? Akajibiwa: kirefu. Nani aombe kina kifupi?

Na kwa jibu hilo binamu alituma seti isiyo na dosari. Ufito wa faibaglasi wa futi 7 na inchi 10. Rili ya gia za 5.4 kwa 1. Mshipi wa fluorokaboni wa ratili 12. Na chambo kilichotengenezwa kushuka hadi futi 19, karibu mita 6. Kila kipande kina sababu yake, na sababu hizo ni nzuri kiasi kwamba inauma kuzieleza.

Anza na mdomo. Krankibeti nyingi huelea zikiachwa. Ukivuta, maji yanasukuma ule mdomo na kuupeleka chini, huku mwili ukitikisika kushoto na kulia. Mdomo mrefu uliolala karibu sambamba na mwili hupiga mbizi. Mdomo mfupi uliosimama wima hubaki juu juu. Chambo cha kina huvuta kwa nguvu mkononi, na ndiyo maana gia zake ni za polepole: mzunguko mmoja wa mkono huleta mshipi mchache lakini kwa nguvu zaidi, kama gia ya kwanza ya lori mlimani. Ufito mrefu hurusha mbali, na umbali ni lazima, kwa sababu chambo huhitaji mita nyingi za kushuka kabla hakijafika kina chake na kuanza kupanda tena kuelekea mashuani. Mshipi mwembamba hukata maji kwa urahisi, na fluorokaboni huzama. Nailoni ya kawaida huzama polepole sana. Mshipi wa kusukwa huelea na haunyumbuki hata kidogo, na kwa ndoana ndogo hizi kutonyumbuka ni kosa.

Faibaglasi ina hadithi yake. Fito za nyuzi za kioo zilishika soko la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zikapinduliwa na grafaiti iliyoingia miaka ya 1970, nyepesi, ngumu, inayomfikishia mvuvi kila kokoto la chini. Kila mtu akatupa kioo chake. Kisha waliokuwa wakivua kwa krankibeti wakagundua kwamba wanapoteza samaki. Besi hali kwa kung'ata. Hufungua mdomo ghafla, maji yanaingia kwa kasi, na kilicho mbele kinafyonzwa humo. Ufito mgumu mikononi mwa mtu mwenye haraka hukivuta chambo kabla hakijaingia vizuri, na samaki akinaswa kwa ngozi ya mdomo tu, akaruka na kutikisa kichwa, zile ndoana ndogo hupasua na kuachia. Ufito wa kioo hupinda kutoka katikati, unachelewa kidogo, unasamehe. David Fritts, aliyeshinda mashindano ya uvuvi wa besi ya Bassmaster Classic ya 1993 katika ziwa la Logan Martin, Alabama, alijijengea jina kwa krankibeti, gia za polepole na fito laini. Uzembe wa kifaa ndio ubora wake.

Seti hiyo, basi, ni sahihi kabisa. Kosa ni la Naivasha, ambayo haina kina.

Ukiondoa lile shimo la kreta karibu na Crescent Island, ziwa hili ni sahani. Kandokando, ambako besi hukaa, maji mengi hayampiti mtu mrefu. Chambo cha futi 19 kikivutwa hapo hakivui, kinalima. Kilichora mfereji topeni, kikakusanya magugu, kisha kikakumbatia mgunga uliozama. Migunga hiyo ni mingi. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 yalimeza miti, nyua na nyumba za watu, na miti mingi imebaki imesimama majini ikiwa mikavu, matawi chini ya uso wa maji yakiwa yamejaa, bila shaka, chambo cha watu wengine.

Jambo la kuchekesha, kwa asiyelipia, ni kwamba Marekani hiyohiyo ilishatoa jibu. Besi wa Naivasha ni Mmarekani. Alipandikizwa ziwani mwaka 1929. Mwaka 1970 akaletwa pia kamba mwekundu wa Louisiana, mwenye magando, kwa matumaini ya biashara. Kamba akazaana, akala mimea ya chini ya ziwa, na besi naye akamtambua mara moja: chakula cha nyumbani. Kwa hiyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katika Bonde la Ufa, samaki wa Marekani anamla kamba wa kusini mwa Marekani kwenye maji ya tope yaliyojaa visiki. Mvulana wa kijiti alikuwa ameliona hilo bila kusoma popote.

Wamarekani wenyewe, kwenye maji kama hayo, hawatumii mdomo mrefu. Hutumia krankibeti ya mdomo mfupi wa mraba. Asili yake ni Tennessee, ambako Fred Young alichonga kwa mkono, kwa mti wa balsa, chambo kinene alichokiita Big O. Vilikuwa adimu hivi kwamba washindani walikodishana kwa siku na kuwekeana amana, mpaka mtengenezaji wa chambo Cotton Cordell alipokitoa kwa plastiki katika miaka ya 1970. Ubora wake uko kwenye ule mraba. Mdomo ukigonga tawi, chambo kizima huinuka mkia, ndoana zikajificha nyuma ya mdomo, kikateleza kando na kuendelea. Besi aliyejibanza kivulini huona kitu kimegonga, kimeyumba, kinataka kutoroka, na hapo anashindwa kujizuia. Wanaojua hulenga kugonga. Mwaka 2011 Kevin VanDam alitwaa Classic yake ya nne kwenye delta ya Louisiana kwa kugonga visiki vya maji mafupi namna hii, siku tatu, ratili 69 na aunsi 11. Chambo chake kingeingia kwenye mfuko wa shati.

Na maji ya tope hayadhuru sana. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji hata asipoona. Chambo kinachotikisika sana, chenye shanga za chuma tumboni zinazogongana, hujitangaza chenyewe. Naivasha inahitaji tangazo hilo, hasa tangu samaki aitwaye kapi alipotokea ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kulitawala. Kazi yake ya kutwa ni kuchimbua matope.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu kufika majini. Sehemu kubwa ya mwambao wa Naivasha ni mali ya watu: mashamba ya maua, mahoteli, makazi ya mapumziko. Mtu wa kawaida hushukia fukwe chache za umma, kama Kamere na Karagita. Alfajiri hiyo, mlinzi wa hoteli moja alitaka malipo ya getini ili mwandishi aruhusiwe kuyakaribia maji, kisha akataja malipo mengine kwa ajili ya "vifaa", akiuangalia mfuko mrefu. Hilo linachekesha ukiwa mgeni wa siku moja. Halichekeshi ukiwa mvuvi. Ukanda wa wazi unapozidi kubanwa, wavuvi na viboko husukumwa kwenye mapito yaleyale, na kila mwaka kuna familia ziwani hapa inayozika mtu aliyekutana na kiboko gizani. Yule mvulana alikuwa amesimama na mguu mmoja nje ya maji kwa sababu hiyo. Kuna ua mrefu hatua chache kutoka pale, na nyuma yake mwambao mtupu, safi, usio na mtu wala kijiti.

Tuendelee na ile seti ya Texas. Ufito wa futi 7 na inchi 10, wa kipande kimoja, ni karibu mita 2.4, na matatu ya Naivasha haikuundwa kwa ajili yake. Ulilala juu ya mabega ya abiria watatu, na konda akautoza nauli.

Ndoana za meno matatu zilimshika mpiga kasia koti, kisha zikamshika mwenye koti mwenyewe.

Chambo cha akiba kiko juu ya mgunga; tai mvuvi anakikagua.

Kilichobaki ni hukumu kuhusu vifaa, na hii mwandishi anaitoa kwa uhakika wa mtu aliyelipia ushuru wa forodha. Kwa Naivasha chukua ufito wa futi 7 au pungufu kidogo, wa faibaglasi au wa kioo kilichochanganywa na grafaiti, unaopinda katikati. Rili ya gia za 6 na ushei kwa 1, ili chambo kipate mwendo wa kugonga na kukwepa. Kama dole gumba lako halina subira, tumia ile rili inayoning'inia chini na uwaache wajuzi wacheke. Mshipi wa nailoni au fluorokaboni wa ratili 15, kwa kuwa unene hapa ni faida: unakiweka chambo juu na kustahimili magome. Krankibeti ya mdomo wa mraba, nyekundu iliyokolea, yenye shanga. Chambo kikianza kukimbilia upande mmoja, pinda kidogo kwa koleo kile kitanzi cha waya puani, upande wa pili wa kule kinakokimbilia, kisha kijaribu tena. Na kwa wanaosema bila vifaa vya maelfu ya shilingi huwezi kuvua besi mkubwa: George Perry, kijana wa Georgia, alimvua besi wa ratili 22 na aunsi 4 tarehe 2 Juni 1932, na rekodi yake haijapitwa kwa uzito wa kutosha kuiondoa. Yeye na mwenzake walikuwa na ufito mmoja na chambo kimoja baina yao. Samaki aliliwa nyumbani.

Wenye maduka ya Nairobi wanaombwa walete fito za faibaglasi za vipande viwili, zinazoingia kwenye matatu. Atakayekuwa nazo kwanza atapata mteja mara moja. Mteja huyo pia anauza, kwa bei ya maelewano, ufito mzuri sana wa futi 7 na inchi 10, uliotumika kidogo mno.